Maswali ya wafugaji: probayotiki na kuhara damu kwa kuku

Swali: Nina vifaranga 200 wa wiki nne. Wameanza kuhara damu, wanajikunyata na kushusha mabawa. Kwa siku tatu nimewawekea probayotiki (bakteria rafiki walio hai) kwenye maji na bado wanakufa. Niongeze dozi?

Jibu: Usiongeze. Wanahitaji dawa, na waipate leo. Ugonjwa huu, koksidiosisi, unaletwa na vimelea vya jamii ya Eimeria. Damu mbichi kwa vifaranga wa umri huo mara nyingi ni kazi ya Eimeria tenella, wanaoingia ndani kabisa ya chembehai za ule utumbo wenye vifuko viwili mwishoni mwa utumbo mwembamba. Bakteria rafiki hawavifuati vimelea humo. Unapoiona damu kwenye maranda, vimelea vimekwishazaliana kwa siku nne au tano na ukuta wa utumbo umeanza kuchanika.

Hakikisha kwanza. Mpasue kifaranga aliyekufa punde, utoe utumbo na kuulaza juu ya sahani nyeupe. Vifuko vikiwa vimevimba, vyekundu iliyokoza, na ukivipasua vikatoa damu iliyoganda, umeipata tenella. Ukiona mistari myeupe iliyokatiza utumbo karibu na firigisi kama vidato vya ngazi, hiyo ni Eimeria acervulina. Yeye hatoi damu, ila huwadumaza kuku kimyakimya.

Dawa yenyewe ni amproliamu. Kwa unga wake wa asilimia 20, ugonjwa ukiwa mkali, weka gramu 1.2 kwa kila lita ya maji kwa siku 3 hadi 5, kisha gramu 0.3 kwa lita kwa wiki moja au mbili. Kama nguvu ya dawa yako ni tofauti, fuata lebo yake na ushauri wa daktari wa mifugo. Maji hayo yawe ndiyo pekee bandani, na uyachanganye upya kila siku. Dawa huwekwa kwenye maji kwa sababu kuku mgonjwa huacha kula mapema, lakini huendelea kunywa. Jambo moja huwaharibia wengi: katika siku hizo za mwanzo wanatoa pia vitamini zenye B1. Amproliamu huua kimelea kwa kumnyima B1 hiyo hiyo, kwa hiyo mkono mmoja unatibu na mwingine unamlisha adui.

Swali: Basi probayotiki ina faida gani, na ianze lini?

Jibu: Ianze siku ya kwanza, kabla ya ugonjwa. Kifaranga wa mashine ya kutotolea hakutani na mama yake, hivyo utumbo wake unakaliwa na bakteria yeyote atakayewahi. Mwaka 1973 watafiti wa Finland, Nurmi na Rantala, walionyesha kuwa vifaranga waliopewa bakteria wa utumbo wa kuku wakubwa walistahimili Salmonella vizuri zaidi. Wazo ni kwamba nafasi iliyokwisha kukaliwa haimpokei mgeni kirahisi.

Kwa koksidia, yaani vimelea hivyo vya Eimeria, msaada huja kwa njia nyingine. Bakteria rafiki huimarisha ute unaofunika utumbo, hukaza maungio ya chembehai na kuamsha kinga. Pia humzuia bakteria mbaya aitwaye Clostridium perfringens. Huyu hunufaika pale koksidia wanapojeruhi utumbo, kwa kuwa protini na ute vinavyovuja ni chakula chake, na ndiye anayeleta utumbo kuoza na vifo vya ghafla. Tunaamini hapa ndipo probayotiki inapolipa zaidi. Tarajia vidonda vyepesi, kinyesi chenye vijiyai vichache vya vimelea, na kuku wasiopungua sana uzito. Usitarajie banda lisilo na koksidia.

Dozi isipimwe kwa vijiko. Soma lebo: bakteria gani, na wangapi hai kwa gramu. Kiwango cha kuanzia ni milioni 1 kwa kila gramu ya chakula, sawa na bilioni 1 kwa kilo. Bidhaa yenye bilioni 1 kwa gramu itahitaji gramu 1 kwa kilo ya chakula. Yenye bilioni 10 itahitaji gramu 100 kwa tani. Mtengenezaji akitaja kiwango kingine kwa bakteria wake, mfuate yeye. Kwa mfuko wa kilo 50, changanya gramu 50 za ile ya kwanza na kilo 1 ya chakula, kisha na kilo 5, ndipo uimwage kwenye mfuko mzima. Ukiitupa moja kwa moja, kuku wengine watakula yote na wengine wasipate chochote.

Swali: Maji yangu ni ya bomba, yana klorini. Yanafaa?

Jibu: Inategemea bakteria. Lactobacillus huuawa na klorini na joto. Bacillus subtilis akiwa mbegu iliyolala hustahimili zaidi, hata joto la mashine ya kutengeneza punje za chakula. Kwa Lactobacillus, tia gramu 2.5 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita, subiri dakika 20, ndipo uweke probayotiki. Andaa kiasi watakachokimaliza kwa saa nne hadi sita, asubuhi, na chombo kikae kivulini. Osha vyombo mara baada ya kazi, maana maziwa huacha utelezi ambao vijidudu huuzoea haraka.

Swali: Naweza kuitoa pamoja na dawa au chanjo?

Jibu: Pamoja na amproliamu, ndiyo, kwa kuwa haiui bakteria. Dawa za salfa na antibayotiki zitawaua wale uliowanunua, kwa hiyo maliza dozi kwanza, kisha toa probayotiki kwa siku tano hadi saba. Chanjo ya koksidia haigombani na probayotiki. Inagombana na dawa za koksidia kwenye chakula, kwani chanjo yenyewe ni vimelea hai.

Swali: Na minyoo?

Jibu: Probayotiki haitoi minyoo. Tumia dawa ya minyoo.

Swali: Natumia dawa ya kuua vijidudu kila wiki, mbona ugonjwa unarudi?

Jibu: Kijiyai cha Eimeria kina ganda gumu, na dawa nyingi za kawaida hazilipenyi. Kinachokipa uwezo wa kuambukiza ni unyevu, joto na hewa, navyo hukikomaza kwa siku moja hadi mbili tu. Shika konzi ya maranda chini ya chombo cha maji, uiminye, kisha ufungue kiganja. Yakibaki donge, yamelowa mno. Yakisambaa taratibu, yako sawa. Pandisha ukingo wa chombo ulingane na mgongo wa kuku, ondoa madonge yote kila asubuhi, na tia maranda makavu mahali hapo hapo. Kuku wakikua, pandisha tena chombo, kwani kile cha wiki iliyopita tayari kiko chini na wanakiparuria maranda ndani.