Ngoro ifundishwe, na wanaoichimba wawe walimu

Ndugu Mhariri, wiki hii mmeuliza: ni ujuzi gani wa kilimo wa wazee wetu unaostahili kufundishwa katika vyuo vya kilimo vya leo? Jibu langu ni ngoro, kilimo cha mashimo na matuta cha Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma.

Ukipanda kutoka Mbinga mjini kuelekea Litembo utaona miteremko imetobolewa vishimo kutoka juu hadi bondeni, kama sega la nyuki. Milima ile ni mikali, na mvua yake kwa mwaka hupita milimita 1,000. Katika karne ya 19 vita vya Wangoni viliwasukuma Wamatengo huko juu, wakabanana, ikabidi ardhi ndogo ilishe watu wengi. Udongo usingeshikwa, wasingedumu.

Kazi huanza mvua zikiwa bado zinanyesha, kwenye mwezi wa Machi. Wanaume hufyeka majani kwa nyengo, huyaacha yanyauke, kisha huyapanga kwa mistari inayokatana mpaka shamba zima linakuwa miraba. Halafu wanawake huingia na majembe. Huchimba katikati ya kila mraba na kuurusha udongo juu ya majani, hivyo panabaki shimo lililozungukwa na matuta manne. Maharage hupandwa juu ya matuta hayo, na chini yake majani yanaoza na kuwa mbolea. Mahindi hufuata kwenye matuta yaleyale mvua za mwisho wa mwaka zinapoanza. Maji ya mvua hutua shimoni na kunywea ardhini taratibu. Udongo uliomomonyoka hunaswa humohumo, pamoja na magugu yanayotupwa wakati wa palizi. Msimu wa kuchimba upya, mashimo huhamishwa, na ile rutuba iliyokusanyika inarudi kwenye tuta.

Maofisa wa serikali ya kikoloni ya Kiingereza waliiandika ngoro kwa kuisifu tangu miaka ya 1930. Lakini serikali hiyohiyo iliwalazimisha Waluguru wa Morogoro kuchimba matuta ya ngazi, hadi mwaka 1955 wakagoma na ghasia zikazuka. Kwa Wamatengo hapakuhitajika amri, kwa sababu ngoro inamlipa mkulima kwa maharage ndani ya miezi michache. Mtaalamu anayekwenda kijijini na mradi wa kuhifadhi udongo angeanza kujiuliza hapo: mkulima atakula nini mwaka huu?

Sifa peke yake, hata hivyo, inaficha jambo linaloniuma. Kuchimba ndiko kazi nzito kuliko zote, na ni kazi ya wanawake. Kahawa ya arabika, iliyoingia Umatengo miaka ya 1920, kwa desturi ni zao la wanaume, na fedha yake hupita mikononi mwao. Mama anayeshika mlima usiporomoke hutajwa kwenye hotuba kama "jamii". Kisha tunashangaa binti yake akilikataa jembe! Shamba nalo linahitaji kupumzika ili majani yaote. Ardhi inapobana, majani yanapungua, na tuta lisilo na majani ndani yake ni udongo mtupu.

Kwa hiyo ifundishwe, tena shambani, mteremkoni, siyo kwa mchoro ubaoni. Na wakufunzi wake wawe akina mama wa Umatengo wenyewe, walipwe posho ileile anayolipwa mtaalamu mwenye shahada.

Msomaji, Mbinga