Maswali ya wasomaji: Mazoezi makali ya mwili mzima

Karibu na kwetu Kihonda, Morogoro, imefunguliwa jimu isiyo na vioo wala mashine. Kuna vyuma, kamba, maboksi ya mbao na saa kubwa ukutani. Wanasema ni ya CrossFit. Ina tofauti na jimu tulizozoea, au ni jina tu?

Tofauti ipo, na nusu yake ni hiyo saa ya ukutani. CrossFit ni kampuni iliyoanzishwa na Greg Glassman na Lauren Jenai huko California, Marekani, mwaka 2000. Mafunzo yake yanasimama juu ya mambo matatu: mijongeo ya mwili mzima, mchanganyiko unaobadilika siku hadi siku, na ukali. Mijongeo ya mwili mzima ni ile ambayo mchukuzi wa sokoni anaifanya bila kufundishwa: kuchuchumaa na kuinuka, kunyanyua kitu kutoka chini, kukipandisha begani, kubeba, kuvuta, kukimbia. Mashine ya kukunja mkono mmoja mmoja haimo.

Neno linalopotosha watu ni "ukali". Si kelele, wala si jasho; Dar es Salaam mwezi wa Februari utatoka jasho ukiwa umekaa barazani. Ukali ni kazi uliyofanya, gawanya kwa muda uliotumia. Chukua dumu la lita 20 lililojaa maji, yaani kilo 20, ulipandishe mita 1.2, mara 30. Kazi ya kuinua mzigo huo ni jouli 7,000 na ushee, haibadiliki. Ukimaliza kwa dakika 3 umetoa wati 39. Kwa dakika 2, wati 59. Kwa hiyo mzigo mzito unaokulazimu kusimama kila baada ya mara tatu unaweza kuwa na ukali mdogo kuliko mzigo mwepesi usiokusimamisha. Wengi wanaoongeza vyuma kwa sifa hawajapiga hesabu hii.

Kocha alitupa zoezi la 21-15-9: kuchuchumaa na chuma mabegani ukiinuka unakisukuma juu ya kichwa, kisha kujivuta kwenye bomba. Nilitumia kilo 29 nikamaliza kwa dakika 19, mwenzangu dakika 6. Nijilazimishe uzito huohuo mpaka nizoee? (Msomaji wa kike, Mombasa)

Hapana, dada. Zoezi hilo linaitwa Fran. Unafanya 21 za kwanza na 21 za pili, halafu 15 na 15, halafu 9 na 9. Jumla 45 za kila aina. Uzito wa kawaida ni kilo 43 kwa wanaume na 29 kwa wanawake, lakini huo ni wa watu waliokwisha kuiva. Limetungwa liishe haraka, mtu asipate nafasi ya kupumzika. Ukitumia dakika 19, robo tatu yake umesimama unakitazama chuma. Umefanya zoezi jingine kabisa.

Kinachopaswa kufanana kati yako na mwenzako ni muda, si kilo. Ukiwa hujachoka, jaribu uzito huo mara 15 mfululizo bila kuuweka chini. Ukikwama, ni mzito kwako. Anza na chuma kitupu cha wanawake, kilo 15. Badala ya kujivuta ukining'inia, weka bomba usawa wa kiuno, lala chini yake, visigino ardhini, mwili umenyooka kama ubao, ulete kifua kwenye bomba. Ukitaka ugumu zaidi, shusha bomba.

Halafu usikimbilie zile 21. Hapo ndipo watu wengi wanapoharibu. Akiba ya nguvu ya haraka kwenye misuli inatosha sekunde 10 hivi; baada yake mwili unategemea zaidi kuchoma sukari kwa njia ya haraka isiyosubiri oksijeni, na hapo ndipo mapaja yanapoanza kuwaka moto. Anayefyatuka mwanzoni analipa deni hilo kuanzia mara ya 12 hadi mwisho. Zigawe 12 na 9, pumzi tano katikati, na pumzika kabla hujalazimika. Ukimaliza chini ya dakika 8 mara mbili kwa siku tofauti, na zile 9 za mwisho zikawa safi kama za mwanzo, ongeza kilo 2.5 hadi 5.

Mgongo wa chini unaniuma kila tukinyanyua chuma kutoka sakafuni kwa kasi, hata kikiwa chepesi. Kwa nini? (Msomaji, Arusha)

Kwa sababu kasi imefika kabla ya mjongeo. Mpangilio ni huu na haugeuzwi: kwanza ujue mjongeo, pili uufanye vilevile kila mara, tatu ndipo uharakishe. Wepesi wa chuma haukulindi ukikinyanyua mara 60 umechoka.

Jipime na mpini wa ufagio. Uweke mgongoni wima, uguse sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega na mfupa ulio juu ya makalio. Legeza magoti kidogo, sukuma makalio nyuma kana kwamba unafunga mlango kwa matako huku mikono imebeba sufuria, na kifua kiiname polepole. Mahali ambapo mpini unaachana na mojawapo ya zile sehemu tatu, simama. Huo ndio mwisho wako kwa sasa. Kama unaishia usawa wa magoti, usinyanyue chuma kutoka sakafuni. Kiweke juu ya vipande vya mbao vya sentimita 10 au 15, ushushe kidogo kidogo wiki zinavyokwenda.

Wakati wa kunyanyua, chuma kiwe juu ya kamba za viatu, karibu na muundi. Vuta pumzi hadi tumboni, kaza tumbo kama mtu anayesubiri kupigwa ngumi, kisha sukuma sakafu kwa miguu. Chuma kipande kikipapasa miguu. Makosa mawili tunayaona kila jimu. La kwanza ni kugongesha vyuma chini ili virudi vyenyewe. Mgongo unapokea mshtuko ukiwa umelegea. La pili linakuja mtu akichoka: makalio yanapanda kabla ya mabega, miguu inanyooka mapema, na mzigo wote unabaki mgongoni. Mwambie mwenzako akutazame ubavuni. Makalio yakitangulia mara moja, weka chini, vuta pumzi tatu, anza upya. Na viatu vya kukimbilia vyenye soli laini viache nyumbani. Raba bapa inatosha.

Maumivu yakishuka mguuni hadi chini ya goti, au ukihisi ganzi, pumzika mazoezi ukamwone daktari. Ganzi ikiwa sehemu za siri, au ukishindwa kuzuia haja, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Kaka yangu alicheza mpira shuleni, akakaa miaka mitano bila mazoezi. Siku ya kwanza jimu alijivuta mara 100. Siku ya pili mikono haikunyooka, mkojo ukawa rangi ya kola. Alilazwa na amepona, lakini hatujaelewa kilichotokea. (Msomaji, Nairobi)

Misuli ilivunjika kupita kiasi. Seli za misuli zikipasuka kwa wingi, protini iitwayo mayoglobini inamwagika kwenye damu, na figo ndizo zinazobeba mzigo wa kuichuja. Mkojo unakuwa mweusi, na figo zinaweza kusimama kazi. Kinachovunja zaidi ni ile sehemu ya kushuka, misuli inapovutwa huku imekaza. Ndiyo maana kujivuta kwa wingi kuna sifa mbaya.

Anayeathirika mara nyingi si mnyonge. Ni mtu kama kaka yako: moyo wa mchezaji wa zamani, misuli ya mtu wa ofisini. Anajua kujisukuma kuliko misuli yake inavyoweza kuvumilia. Joto na upungufu wa maji huongeza hatari, nayo iko juu vilevile kwa mtu aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu, ambaye huenda hajawahi kuugua.

Maumivu ya kawaida yanafika kilele siku ya pili au ya tatu na kiungo bado unaweza kukinyoosha. Uvimbe, kiungo kisichonyooka na mkojo mweusi si kawaida: ni hospitali siku hiyohiyo, akapimwe damu na kuwekewa maji. Asimeze ibuprofeni wala diklofenaki njiani, kwa sababu zinazielemea figo hizohizo. Anayerudi baada ya miezi mingi aanze na jumla ya mara 15 hadi 20 za kujivuta, wiki mbili za kwanza, bila saa.

Nina watoto wawili, nusu saa, na uwanja wa nyuma. Jimu sina. Nifanye nini, na je, hiyo Tabata ndiyo bora? (Mama, Tanga)

Siku tatu kwa wiki, mathalani Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Dakika 8 za kupasha mwili: kutembea haraka, kuzungusha mabega, kuchuchumaa polepole. Kisha weka saa dakika 10 na uzunguke: mara 5 kuinama na kuvuta dumu la lita 10 hadi kiunoni kwa kila mkono, pushapu 10 mikono ikiwa juu ya meza imara, kuchuchumaa 15 mpaka uguse kigoda. Andika idadi ya mizunguko kwenye kalenda. Kasi sahihi ni ile unayoweza kutoa maneno mawili matatu lakini huwezi kusimulia. Mizunguko ikiongezeka kwa wiki tatu, tumia meza fupi zaidi au jaza dumu kubwa. Mwisho beba dumu kila mkono, mita 20 kwenda na kurudi mara nne. Ukiwa na presha, ugonjwa wa moyo au ujauzito, zungumza na daktari kwanza.

Tabata unayouliza, si ile ya Dar es Salaam, ni jina la mtafiti wa Kijapani, Izumi Tabata. Utafiti wake wa mwaka 1996 ulitumia baiskeli: sekunde 20 za nguvu zote, sekunde 10 za kupumzika, mara 7 au 8. Dakika 4 tu, na waliofanya walikuwa vijana wenye mazoezi tayari. Darasa la saa nzima linaloitwa Tabata limeazima jina. Kama unaweza kuendelea dakika 40, hizo sekunde 20 hukuzifanya kwa nguvu zote.

Ramadhani niache kabisa? (Msomaji, Unguja)

Usiache, punguza. Kabla ya futari fanya mijongeo mepesi dakika 20, bila saa. Zoezi kali lisogeze baada ya tarawehe, chakula kikiwa kimeshatulia na ukiwa umekunywa maji ya kutosha. Punguza mizunguko kwa theluthi moja, na usijipime muda mpya mpaka wiki ya pili baada ya Idi.