Maswali na Majibu: Bilauri Iliyochukuliwa Kabla ya Ndege Kupaa

SWALI: Mhariri, hivi karibuni mwanangu alinilipia tiketi ya daraja la biashara kutoka Dar es Salaam kwenda Ulaya, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuketi mbele ya pazia. Milango ikiwa bado wazi, mhudumu alipita na trei ya maji na juisi ya machungwa. Jirani yangu aliomba mvinyo, akaambiwa asubiri hadi tuwe angani. Mimi nilikuwa sijafika hata nusu ya juisi yangu, bilauri ikachukuliwa. Je, tulipunjwa?
Mstaafu, Tanga

JIBU: Hamkupunjwa, ndugu msomaji, ingawa kwa nauli ya kiti kile naelewa kwa nini umeuliza.

Tuanze na mvinyo, kwa kuwa hapo ndipo abiria wengi hudhani mhudumu ni mchoyo. Pombe inayopakiwa kwa safari za kimataifa kwa kawaida haijalipiwa ushuru wa nchi ambamo ndege imeegeshwa, na kwa sababu hiyo katika nchi nyingi makabati yake hufungwa kwa lakiri ya forodha isiyovunjwa mpaka ndege iondoke. Shirika linalotaka kumimina shampeni ardhini hulazimika kutenga chupa zilizokwisha kulipiwa ushuru, na mengine huona heri juisi. Ndiyo maana shirika lilelile laweza kukupa mvinyo katika uwanja mmoja na maji katika mwingine.

Bilauri nayo ilichukuliwa kwa ajili ya usalama. Kanuni za anga za Marekani, kwa mfano, haziruhusu ndege kupaa au kutua huku chakula, kinywaji au chombo kilichotolewa na shirika kikiwa bado kwenye kiti cha abiria, kwani breki ikikamatwa ghafla bilauri hugeuka vigae, na meza iliyokunjuliwa humzuia mtu kutoka. Kinywaji hicho, basi, kina dakika chache tu za kuishi, na anayekigawa ndiye huyohuyo anayepokea makoti, kuonyesha viti na kufunga makabati ya mizigo. Huko Marekani, kwa miaka mingi wahudumu walilipwa kuanzia mlango unapofungwa, si abiria wanapoingia. Delta ilipoanza kulipia muda huo mwaka 2022, ilikuwa ya kwanza miongoni mwa mashirika makubwa ya nchi hiyo. Sishangai kwamba katika safari fupi za kule trei mara nyingine haionekani kabisa.

Ushauri wangu ni kwamba uingie mapema, uombe unachotaka mara tu mhudumu anapokusogelea, na usikiweke kando ukisubiri kumaliza simu.

Ukisafiri na mashirika ya Ghuba kama Saudia, ambalo halitoi pombe kabisa, utakaribishwa kwa tende na kahawa ya iliki, na binafsi naona ukaribisho huo unashinda mvinyo wa povu uliopoa nusunusu. Watu wa mwambao hawatakuwa wageni hapo: kahawa humiminwa kidogo tu, katika kikombe kisicho na mkono. Ukitosheka kitikise kidogo unapokirudisha, la sivyo utamiminiwa tena, na mlango uko karibu kufungwa.