Mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri: anzeni na watu, fomu baadaye

Kila nikisikia mama mwingine wa sokoni kachukuliwa friji kwa sababu ya mkopo wa kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kubwa, naumia. Halmashauri zetu zina fedha zisizo na riba, na mama huyo, akiwa kwenye kikundi, ana haki ya kuziomba. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoongezwa mwaka 2018, kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mnachokopa ndicho mnachorudisha.

Mimi ni mhazini wa kikundi cha wanawake kilichokopa huko na kumaliza deni. Kwa wanaoniuliza tulifanyaje, nawajibu waanze na watu. Fedha huingia kwenye akaunti ya kikundi na deni ni la kikundi. Mmoja akihama kimyakimya, waliobaki ndio watakaoitwa ofisini. Msiokoteze majina ili tu idadi itimie. Sisi tulianza kwa kuweka na kukopeshana wenyewe, kidogo kidogo, na hapo ndipo tulipojua nani hulipa kwa wakati na nani huzima simu siku ya marejesho. Huyo wa kuzima simu tulimweleza mapema, faragha na kwa heshima, kwamba kwenye mkopo wa halmashauri hatutakuwa naye. Ni jirani yetu, haikuwa rahisi. Hata leo naona tulifanya vema.

Katiba msinakili ya kikundi kingine. Kaeni muandike ya kwenu: mwenzetu akiugua itakuwaje, akifariki nani atabeba sehemu yake, nani anaruhusiwa kutoa fedha benki.

Andiko la mradi, yaani maelezo ya biashara mnayoiombea mkopo, ndilo linalowatisha wengi, na bure tu. Afisa maendeleo ya jamii wa kata kazi yake ni kuwasaidia, mfuateni. Mjue tu bei halisi za vitu mnavyotaka kununua, na muulize mapema rejesho la kwanza litaanza lini. Hapo ndipo nimeona vikundi vingi vikikwama. Kuku wa mayai huanza kutaga akiwa na miezi mitano hivi. Rejesho likianza kabla ya hapo, mtalipa deni kwa fedha ya chakula cha kuku, na kuku wasiokula vizuri hawatagi vizuri. Biashara inayozunguka kila siku, kama genge au mama lishe, haina shida hiyo.

Akitokea mtu anayedai "kidogo" ili faili lenu lisogee, msimpe. TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, wana namba ya bure, 113. Tukumbuke kwamba Aprili 2023 serikali ilisitisha mikopo hii, pamoja na mambo mengine kwa sababu ya vikundi hewa na madeni yasiyorejeshwa, ikairudisha mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Vikundi safi navyo vilisubiri muda wote huo.

Neno moja kwa viongozi wa vikundi: mama ambaye hata mlo wa jioni hana uhakika nao, msimwingize kwenye deni kwa kumhurumia. Huyo anahitaji ruzuku. Mpelekeni kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji aulizie mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, ambao fedha yake hairudishwi.

Na marejesho yote yapite benki au kwa namba ya malipo mliyopewa, kamwe si mkononi mwa mtu. Risiti abaki nayo mhazini, nakala kwa katibu. Mkimaliza deni, ombeni barua ya kuthibitisha kwamba mmemaliza. Sisi tuliiambatisha tulipoomba mkopo wa pili.