Kwa mnaokuja kusoma UK: msosi wa maana haupo katikati ya mji

Wadogo zangu mnaotua mwezi wa tisa, hii ni kwenu. Kila mwaka nasikia wimbo uleule, kwamba chakula cha Uingereza hakina ladha, ni ghali, bora ukae geto ujipikie wali na maharage mpaka umalize masters. Kujipikia ni sawa, wote tunajipikia. Ila ukimchunguza anayelalamika unakuta amekula sehemu mbili tu, karibu na stesheni ya treni na karibu na geti la chuo, na zote mbili ni zile kampuni kubwa zenye tawi kila mji, yaani burger ya Plymouth na ya Aberdeen ni ileile, na nusu ya hela yako inaenda kulipa pango la fremu.

Mimi nimeishi miji kadhaa huku, kwanza kusoma halafu kazi, na kanuni yangu ni rahisi: panda basi utoke katikati. Sio mbali, dakika kumi na tano hivi. Fungua ramani kwenye simu, usiandike "mgahawa bora" maana utaletewa sehemu za watalii, tafuta bucha ya halal, msikiti, duka linalouza mchele wa gunia na bamia mbichi, saluni za kinyozi zimepangana, vibanda vya kutuma hela. Mkiviona vyote hivyo mtaa mmoja, shukeni hapo. Wanaokula mtaa huo wanakula kila siku na wanajua mama zao wanapikaje, kwahiyo mwenye mgahawa akiwapikia hovyo anafunga biashara mwezi huohuo. Mtalii anakula mara moja na harudi, ndo maana mbele ya makumbusho unauziwa chochote.

Nitaje mitaa yenyewe. Manchester ni rahisi kuliko kote, ukitoka chuo ukafuata Oxford Road kuelekea kusini barabara inabadilika jina inakuwa Wilmslow Road, hapo Rusholme wanapaita Curry Mile. Zamani ilikuwa ya Wapakistani na Wabangladeshi tupu, siku hizi Waarabu, Waafghani na Wakurdi wamejaa, nyama choma ya mkaa unainusa ukiwa bado kwenye basi. Manchester hiyohiyo katikati ya mji kuna kitu kinaitwa rice and three, wali na mchuzi wa aina tatu unachagua mwenyewe kwenye masufuria, wanakupakulia kwenye sahani moja, ilikuwa chakula cha mchana cha wafanyakazi wa maghala ya nguo. Nenda This & That pale Soap Street, kichochoro kimekaa kama cha kukabwa lakini usiogope. Hapo ndo utaelewa mama ntilie hana nchi.

Birmingham kuna balti. Sio mchuzi wa kawaida, wanapika kwenye karai jembamba la chuma kwa moto mkali na karai hilohilo ndo linaletwa mezani likiwa linachemka, unakula kwa mkono na naan, ule mkate bapa wa Kihindi, na naan ya familia ukiiagiza inafunika meza jamani. Walianza kuipika hivyo miaka ya 1970 hapohapo Birmingham, maeneo ya Sparkbrook na Balsall Heath, tembea Ladypool Road utaona. Ukitaka Wasomali nenda Small Heath, Coventry Road. Bristol ni Easton na Stapleton Road. Na kwa sisi wa pwani nasema hivi, ukiwa umekumbuka nyumbani mpaka unataka kulia, mgahawa wa Wasomali ndo dawa ya haraka: wali umekolezwa viungo, mbuzi amepikwa mpaka anaachia mfupa, ndizi mbivu pembeni, pilipili ya kusaga, na sehemu nyingi supu inaletwa kwanza bila kuulizwa. Sahani moja wanakula wawili, msijifanye mashujaa. Na ukisalimia kwa Kiswahili usishangae ukijibiwa, wengi wamepitia Nairobi au Mombasa.

London siwezi kuimaliza hapa. Kwa ufupi Green Lanes upande wa Haringey ni Waturuki na nyama ya makaa, saladi na mkate vinakuja bure juu ya meza, Peckham ni Wanigeria, Southall ni Wapunjabi, Brixton ni Wajamaika na wengine wengi. Borough Market, lile soko maarufu la watalii, nenda ukaangalie, kula kidogo, ondoka.

Sasa Leicester. Huu mji Mtanzania, Mkenya na Mganda anatakiwa aujue. Mwaka 1972 Idi Amin alivyowapa Wahindi siku 90 watoke Uganda, zaidi ya watu 27,000 walikuja Uingereza, na halmashauri ya Leicester ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia msije kwetu, tumejaa. Wakaja hivyohivyo. Wengi wengine walikuwa wameshatangulia kutoka Kenya na Tanzania. Leo Belgrave Road, wanayoiita Golden Mile, ndo sehemu mji huohuo unajivunia, taa za Diwali zinawashwa pale watu wanafurika kutoka nchi nzima. Migahawa mingi ya pale ni ya Wagujarati na haiuzi nyama kabisa, kwahiyo ukienda usiulize kuku, agiza bhajia, dosa (kama chapati nyembamba kavu), chaat (vitafunwa vya viungo), na ukiona mogo kwenye menyu ni muhogo wetu huu, wa kukaanga na pilipili na ndimu, kama wa Coco Beach kasoro upepo. Ukitaka nyama hamia upande wa Evington Road. Mishkaki na kuku wa kupaka utavikuta kwa hawa Wahindi wa Afrika Mashariki, Leicester na pia London upande wa Wembley na Harrow, na wazee wenye migahawa wengine ukiwaongelesha Kiswahili wanafurahi sana, wanakuuliza kama bado Kariakoo pana fujo, na chai unaweza usilipe. Sikuahidi lakini.

Ukishafika mtaani unachaguaje? Mimi naangalia vitu vichache tu. Menyu ndefu sana yenye pizza, kari, burger, tambi na kuku wa kukaanga vyote pamoja, napita. Menyu ya vitu kumi iliyoandikwa kwa mkono, naingia. Naangalia nani amekaa ndani saa saba mchana siku ya kazi, nikiona madereva teksi na mafundi wenye jaketi za kung'aa najua hapo bei ni ya kibinadamu na sahani imejaa. Halafu naangalia mlangoni kuna stika ya kijani na nyeusi yenye namba, hiyo ni ukaguzi wa usafi wa jiko, inaanzia 0 mpaka 5. Wales na Ireland ya Kaskazini lazima waibandike kisheria, England sio lazima, kwahiyo ukiwa England ukaona hawajabandika jiulize kwanini, unaweza kuitafuta kwenye tovuti ya Food Standards Agency kwa jina la mgahawa. Scotland wana mfumo wao, wanaandika Pass au Improvement Required basi. Namba hiyo haisemi chochote kuhusu ladha, kuna sehemu za 5 chakula kama kadibodi, na kuna za 3 naenda na nitaendelea kwenda. Chini ya 3 siingii hata nikinukishiwa pilau.

Mchana ni rafiki yako. Sehemu nyingi zina bei ya lunch, chakula kilekile cha usiku kwa bei pungufu, hasa za Kichina, Kijapani na Kihindi. Na masoko ya ndani mnayadharau bure: Kirkgate Market ya Leeds, Grainger Market ya Newcastle ambayo ipo tangu 1835, St Nicholas Market pale Bristol, Moor Market Sheffield. Unakuta vibanda vya Wavietnamu, Wagiriki, Wajamaika, unakula umesimama au kwenye benchi, kiingilio hakuna, mhudumu wa kukukodolea macho hakuna. Ila masoko haya yanawahi kufunga, saa kumi na moja jioni wengi washafunika masufuria, na Jumapili mengi hayafungui.

Mambo ya desturi, maana hapa ndo wageni wanaaibika bila sababu. Kwenye pabu hakuna mtu atakayekuja kukuuliza unakula nini, unaweza ukakaa mpaka ukaota mizizi. Unatafuta meza, unashika namba yake, unaenda kaunta unaagiza na kulipa hapohapo, chakula ndo kinakufuata mezani. Sio lazima unywe pombe, agiza soda au chai hakuna anayekujali. Jiko la pabu linafunga mapema, saa tatu usiku ukifika unaambiwa chipsi za pakiti tu. Kama hujawahi kula Sunday roast, nyama ya kuoka na viazi na mchuzi mzito, ile ya Jumapili mchana ni kitu kimoja ambacho hawa Waingereza wanakijua kweli, wasiowapa sifa hiyo hawajala ile yenyewe. Piga simu uweke nafasi, na nenda mji mdogo au pembeni ya mji.

Maji: England, Scotland na Wales mgahawa wowote wenye leseni ya pombe lazima ukupe maji ya bomba bure ukiomba. Sema "tap water", ukisema tu "water" unaletewa chupa na chupa ina bei. Bili ikija isome. London hasa utakuta mstari umeandikwa service charge, mara nyingi asilimia 12.5, imeshajumlishwa. Kwa kawaida ni ya hiari, unaweza kuomba kwa upole itolewe na hakuna atakayekupiga, ila tangu Oktoba 2024 sheria inataka tipu zote ziende kwa wafanyakazi, na nyie wenyewe mtakuja kufanya kazi hizohizo za kubeba sahani, kwahiyo kama huduma ilikuwa nzuri iache. Kama ipo kwenye bili usiongeze tena tipu juu. Kaunta ya pabu na kwenye vibanda hakuna anayetegemea tipu. Kingine, sandwichi ya baridi ukiondoka nayo ni bei nafuu kuliko ukikaa nayo ndani, hiyo ni kodi, ukikaa inatozwa VAT asilimia 20 na ukibeba haitozwi. Mvua isiponyesha, beba.

Kitimoto. Kwa wasiokula, macho yawe wazi: breakfast ya kiingereza ina soseji na bekoni za nguruwe, na ile nyeusi ya duara, black pudding, ni damu. Sausage roll (soseji ndani ya unga wa kuoka) ya Greggs, zile bekari zenye matawi kila mji, ni nguruwe, ila wana ya vegan tangu 2019 na sio mbaya kabisa. Nando's, ile migahawa ya kuku, baadhi ya matawi ni halal na mengine sio, inaonyeshwa kwenye tovuti yao tawi kwa tawi, usikariri. Kwenye migahawa ya kawaida uliza "which body certifies you", utasikia HMC au HFA, hizo ni taasisi zinazothibitisha halal, kila mtu na imani yake hapo siingilii. Hata samaki na chipsi kuna mtego, kaskazini hasa Yorkshire wengi wanakaangia mafuta ya ng'ombe badala ya mafuta ya mimea, kwahiyo wenye masharti ulizeni kwanza. Kwa asiye na masharti, hayo mafuta ya ng'ombe ndo chipsi tamu kuliko zote nchini, ubishi huo nauanzisha na siuachi. Samaki mwenyewe kusini mara nyingi ni cod, Scotland ni haddock. Weka chumvi na vinega, ukiwa Edinburgh watakuuliza "salt and sauce", yaani chumvi na sosi ya kahawia, kubali.

Wiki ya mwisho kabla stipend, hela ya kujikimu, haijaingia kuna njia zake. Supamaketi jioni wanabandika stika za njano, vitu vinashuka bei, kila duka na saa zake, mzoee mfanyakazi mmoja atakwambia. Kuna programu ya Too Good To Go, mgahawa au bekari inauza mfuko wa vilivyobaki siku hiyo kwa bei ya kutupa, hujui ndani kuna nini, ukipata bekari nzuri umeula. Za kuleta chakula mlangoni futeni kwenye simu, au zitumieni kuangalia menyu tu halafu mpige simu mgahawani moja kwa moja mkachukue wenyewe, maana bei kwenye programu imepandishwa na juu yake kuna ada ya kuleta na ada ya huduma.

Mwisho, tarehe 25 Disemba. Hakuna aliyeniambia na huwa nawaambia wote: siku hiyo treni hazitembei, mabasi karibu yote hayatembei, supamaketi kubwa zimefungwa, wenzako wameenda kwao na bweni limebaki na nyie wa mbali. Ile mitaa niliyoitaja juu, ya Wapakistani, Waturuki, Waarabu, mingi ina migahawa inayofungua siku hiyo, na inajaa wanafunzi wa kila taifa. Pigeni simu siku mbili kabla muulize saa ngapi wanafungua, jikusanyeni, na kama ni mbali chagueni ule wa kutembea kwa miguu, maana Uber siku hiyo utaitajiwa bei ya kwenda Chalinze.