Malaria mara tatu, kumbe leukemia

Dada uliyeuliza inakuwaje mtoto atibiwe malaria mara tatu halafu ndo waseme ni leukemia, yaani saratani ya damu, hii inatokea sana aisee, dalili zinafanana mno, homa, kupauka, kuishiwa damu, na huku kwetu mtoto anaweza kukutwa na vijidudu vya malaria kweli ila sivyo vinavyomuumiza, sasa dokta akiona kipimo kinasoma pozitivu anaandika dawa mseto, kesi imeisha.

Mtoto wa dada yangu alianza kuchechemea tukajua kaanguka shule, akaongezewa damu mara mbili, akachangamka wiki moja tu, halafu fizi zikawa zinatoa damu akipiga mswaki na miguuni vidoa vyekundu kama kang'atwa na viroboto. Miezi miwili hiyo imeenda. Nesi mmoja ndo akasema pimeni FBP, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, kumbe chembe nyeupe ziko juu balaa, chembe sahani zile za kugandisha damu hamna kitu, tukapewa rufaa Muhimbili wakamchukua uboho, ule ute wa ndani ya mfupa, kiunoni wakaupime.

Na zile prednisoloni, dawa za steroidi, za kupewa ovyo kabla ya kipimo mzikatae, zinamtuliza mtoto zinaficha ugonjwa. Na ile saratani nyingine ya watoto, ya taya kuvimba, aliyoieleza daktari Denis Burkitt kule Uganda 1958, ndo haitaki kabisa kucheleweshwa, watu wanang'oa meno wakati uvimbe unaweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku moja mbili.

Wako kashapewa rufaa au bado mnasubiri?