Re: Kuzala bure Kinshasa, mbona banaomba feza?
Jambo yaya, nasoma kama bibi yako iko na mimba ya miezi 7 kule Kinshasa na lopitali inamuomba feza, njo unauliza kama hii kuzala bure ni ya kweli.

Uliza kwanza kama ile lopitali ilisaini kontra na programu ya serikali. Ilianza Kinshasa mwezi wa 9, 2023, lakini haiko kila lopitali iko ndani, kama haiko ndani utalipa tu hata upige makelele.

Mi niko Lubumbashi ila mudogo wangu alizalia kule. Walimupasula, hakulipa hata franga moja, lakini usiku walimutuma bwana yake kutafuta seromu ku farmasi ya inje, na mulinzi naye alitaka ya kahawa! Kwa hiyo inatembea, ila inachechemea.

Ya bure ni konsultasyo za mimba, kuzala hata kwa kupasuliwa, na mutoto muchanga mpaka siku 28. Wakimuomba kitu, aombe fakture yenye kuandikwa. Mudogo wangu walimuomba feza ya kitanda, alipoomba fakture, ile bei ikapotea palepale.